Kamera ndogo ilivyowashinda waliobeba kubwa

MWAKA 1934 kijana wa miaka 21, Luis Marden, aliajiriwa na jarida la National Geographic la Marekani. Muda si mrefu akaanza kutembea na Leica, kamera ndogo iliyomwezesha kupiga picha barabarani bila watu kumtambua. Jarida halikuzitaka picha za kamera hiyo. Kwa wakuu wake, kazi ya kupata picha ya kuchapwa kutoka kwenye filamu ndogo kiasi kile haikuwa na faida.

Hawakuwa peke yao. Wapiga picha wengi wa magazeti na majarida waliiona Leica kama kitu cha kuchezea. Hata hivyo, upinzani wao ulikuwa na hesabu ndani yake.

Hesabu ya ukurasa

Kamera iliyozoeleka kwa wapiga picha wa magazeti ya Marekani ilikuwa Speed Graphic, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912 na kutumia filamu bapa ya inchi 4 kwa 5. Leica, iliyoonyeshwa mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1925, ilitumia filamu ya sinema. Picha yake ilikuwa milimita 24 kwa 36 tu. Eneo la filamu ya Speed Graphic ni karibu mara 15 ya hilo.

Ili kujaza ukurasa wenye urefu wa sentimita 25, filamu kubwa hukuzwa mara mbili, na ndogo karibu mara saba. Vumbi na mikwaruzo navyo hukua kwa kiwango hicho hicho.

Aidha, kulikuwa na suala la mtaji. Mwenye studio alikwishanunua kamera, lenzi na mashine ya kukuzia picha, vyote vya kipimo kikubwa. Fundi wake alizoea kurekebisha kasoro kwa penseli na brashi juu ya negativu yenyewe, kazi isiyowezekana kwenye negativu ndogo kama stempu. Kubadili filamu kulimaanisha kununua upya na kujifunza upya.

Gharama iliyosahaulika

Lakini kamera kubwa nayo ilikuwa na gharama. Picha za rangi zilipigwa kwenye vioo, kama vile vya Autochrome vilivyoingia sokoni mwaka 1907. Vioo hivyo vilikuwa vizito, vilivunjika safarini, na vilihitaji sekunde moja au zaidi za mwanga hata juani. Kamera ilisimamishwa kwenye miguu mitatu, na watu wakaombwa watulie. Picha ya sokoni ikawa ya watu waliosimama tuli.

Leica ilibeba picha 36 katika filamu moja. Mbunifu wake, Oskar Barnack, alikuwa na pumu, na kamera nzito zilimchosha.

Mwaka 1936 kampuni ya Kodak ilitoa filamu ya rangi ya Kodachrome kwa kamera za aina hiyo. Marden aliwaonyesha wakubwa wake kwamba sasa filamu ndogo inaweza kujaza ukurasa, na mwaka 1938 National Geographic lilianza kuchapa picha za Kodachrome. Kamera kubwa hazikufa. Ziliendelea na kazi za matangazo na majengo, ambako hakuna haraka.

Zamu ya walioshinda

Miongo kadhaa baadaye, wenye filamu ndogo walijikuta upande wa kupinga. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali ya kilo 3.6 hivi, iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Kodak iliendelea kutegemea filamu.

Kamera ya Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7. Kwa uchapaji mzuri wa jarida, hiyo ni picha ya sentimita 17 kwa 11 hivi. Ilifaa gazeti la kila siku, lakini ukurasa mzima wa jarida ulikuwa mkubwa mno kwake. Waliokataa walikuwa sahihi, lakini kwa miaka michache tu. Mwaka 2002 Canon ilitoa kamera ya megapikseli 11, na hoja hiyo ikakosa nguvu.

Kodak ilitangaza kusitisha Kodachrome mwaka 2009. Januari 2012 kampuni yenyewe iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Swali la wapinzani, kwamba je, kifaa hiki kitajaza ukurasa, lilikuwa swali zuri la biashara. Kosa lilikuwa kuliuliza mara moja na kushikilia jibu lile lile miaka ikipita. Mwenye studio anayepima kamera, au mkulima anayepima mashine mpya ya kupandia, anafanya vyema kurudia jaribio kila msimu, kwa kazi yake mwenyewe. Mdharau mwiba mguu huota tende.