Mali bila daftari: Somo kutoka mizani ya pamba hadi duara la dhahabu

UNAPOFIKA msimu wa kununua pamba katika vijiji vya Shinyanga, jasho la mkulima la msimu mzima huamuliwa kwa dakika chache mbele ya mizani. Mzigo unatundikwa, karani anasoma, anaandika na kuita anayefuata. Mkulima asiyeweza kusoma mizani, au anayeweza lakini hana pa kuandika, huondoka na fedha alizohesabiwa bila kujua kama ndizo alizostahili.

Upande wa pili, katika machimbo ya Geita, hali ni hiyo hiyo. Wachimbaji hushuka kwenye duara kwa miezi kadhaa wakitegemea makubaliano ya mdomo. Siku mawe yenye dhahabu yanapopandishwa juu, kila mmoja hukumbuka makubaliano kwa namna yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huichukulia methali hiyo kuwa ya wenye maduka na maofisa wa benki. Hata hivyo, historia ya ukanda huu wa pamba na dhahabu inaonyesha kuwa wananchi wake walipata nafuu kila walipochunguza jambo, wakasoma na kuandika walichokiona.

Mizani iliyozaa ushirika

Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, wengi wao wakiwa wenye asili ya Asia. Wakulima walilalamika kuwa wanapunjwa kwenye mizani. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini ushahidi haukuwepo. Mnunuzi alikuwa na kitabu chake, mkulima alikuwa na maneno matupu.

Ndipo vikundi vya wakulima vilipobuni njia yao. Waliweka watu wanaojua kusoma na kuandika wawapimie pamba kwa mizani ya kujitegemea, kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Mkulima alifika kwa mnunuzi akiwa anajua uzito wa pamba yake. Mizani ya pale ikisema vinginevyo, kulikuwa na maandishi ya kulinganisha.

Paul Bomani, aliyekuwa akiongoza ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alizunguka Kanda ya Ziwa kuviunganisha vikundi hivyo. Kutokana na juhudi hizo vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, chama hicho kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya wakulima barani Afrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha mwaka 1962.

Kisa hicho kina upande wa pili ambao wakulima wa leo hawana budi kuukumbuka. Vyama vilipokua haraka, watunza vitabu wenye ujuzi walikuwa wachache na wanachama wengi hawakujua wala kuuliza hesabu za chama chao. Kamati iliyoundwa na Serikali mwaka 1966 kuchunguza ushirika nchini ilikuta kasoro hizo. Miaka 10 baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya kuvirejesha ikapitishwa mwaka 1982.

Kwa maneno mengine, daftari la mpimaji lilisaidia kujenga ushirika, na kutosomwa kwa daftari la chama kulisaidia kuudhoofisha.

Kitabu kilichozungumzia pamba

Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) walilitambua hilo mapema. Mwaka 1968 ulianzishwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza, ambao ulihusu mikoa ya Kanda ya Ziwa ikiwamo Shinyanga.

Katika mradi huo, mtu mzima hakufundishwa kusoma kwa vitabu vya watoto. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu kinachoeleza kilimo cha pamba, mfugaji kwa kitabu cha ng'ombe na mvuvi kwa kitabu cha samaki. Akimaliza somo, alikuwa amejua neno jipya na pia namna ya kupanda kwa mistari.

Mafanikio ya mradi huo yalisaidia kampeni ya nchi nzima iliyofuata katika miaka ya 1970. Kwa takwimu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka karibu asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986.

Tatizo lililojitokeza baadaye ni kwamba ujuzi usiotumika hupotea. Aliyejua kuandika mwaka ule, kama hakuwa na sababu ya kushika kalamu kila wiki, alirudi kutia dole gumba. Ndiyo maana daftari la shamba au la duka ni darasa lisilofungwa.

Wazee waliulizwa, miti ikarudi

Mfano mwingine mkubwa wa Shinyanga ni wa miti. Kwa miaka mingi mapori yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba na mahindi. Operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka maeneo waliyozoea kuyatunza. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa kavu, wengine wakiita jangwa. Akina mama walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wataalamu walikuja na miche ya vitalu, lakini kilicholeta mafanikio makubwa ni walichokipata walipowasikiliza wenyeji. Wasukuma walikuwa na utaratibu wa zamani wa ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti vipumzike, kisha linafunguliwa kiangazi mifugo inapokosa majani. Mashina na mizizi iliyobaki ardhini huchipua yenyewe, bila gharama ya miche.

Elimu hiyo ilikuwa vichwani mwa wazee. HASHI kwa kushirikiana na watafiti wa kilimo mseto waliiandika, wakaipima na kuieneza. Vijiji navyo vikaweka sheria ndogo kwa maandishi, huku dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu wakisimamia utekelezaji.

Mwaka mradi ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimesalia na kuorodheshwa zilikuwa na hekta zipatazo 600 tu. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 2004, eneo lililorejeshwa lilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha wilaya ambazo sasa ziko Simiyu pamoja na Bukombe iliyoko Geita. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Watafiti waliofanya tathmini kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la uhifadhi la IUCN walihesabu kuni, nyasi, asali, dawa, matunda na maji yanayotokana na ngitili. Walikuta thamani yake ni takriban dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa wastani wa dola 8.50. Kabla ya hesabu hiyo, wengi waliiona ngitili kama pori tu.

Rwamagasa na hofu ya zebaki

Utafiti pia humlinda mfanyabiashara dhidi ya uvumi. Katika Kijiji cha Rwamagasa, Geita, wachimbaji wadogo wamekuwa wakikamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Miaka ya 2003 na 2004, chini ya mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), wataalamu walipima maji, udongo, samaki na miili ya watu.

Matokeo yalionyesha kuwa wanaochoma zebaki walikuwa nayo mwilini kwa kiwango kikubwa kuliko wengine. Samaki wa madimbwi yaliyo karibu na mialo ya kuoshea dhahabu nao walikuwa na zebaki nyingi. Lakini samaki wa Ghuba ya Nungwe, Ziwa Victoria, walikuwa na kiwango kidogo.

Kwa mchuuzi wa samaki, tofauti hiyo ni biashara. Bila vipimo, uvumi mmoja ungetosha kuwafanya wateja wakimbie samaki wote wa Geita. Kwa mchimbaji, ujumbe ni kwamba anayeumia kwanza ni yule anayeshika moto, pamoja na familia yake kama anachomea nyumbani. Kifaa cha kunasa moshi wa zebaki kinapunguza madhara hayo, na zebaki iliyonaswa hutumika tena.

Makubaliano ya duara

Mgawo wa mawe hutofautiana kati ya machimbo na machimbo. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake na wachimbaji lao. Mahali pengine na mwenye shamba hudai lake. Ugomvi mwingi huanzia kwenye jambo moja dogo: je, gharama zinatolewa kabla ya mgawo au baada?

Chukua mfano wa viroba 100, wachimbaji wakiwa wamekubaliana kupata asilimia 30. Kama hakuna makato, wanapata viroba 30. Kama viroba 20 vinatolewa kwanza kufidia chakula, matimba na mafuta ya pampu, asilimia 30 ya viroba 80 ni 24. Viroba sita ni vingi vya kutosha kuvunja urafiki.

Karatasi moja ingemaliza ubishi huo: majina ya wahusika, fungu la kila mmoja, nani anagharimia nini, makato yanatolewa lini na atakayeumia duarani atatibiwa na nani. Iandikwe kabla ya kuchimba, mbele ya shahidi kama mwenyekiti wa kitongoji, na kila upande ubaki na nakala.

Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, dhahabu inayouzwa hapo hupimwa uzito na ubora, na mauzo huandikwa. Mchimbaji anayetunza karatasi zake za mauzo ana historia ya kumwonyesha ofisa wa mikopo. Asiyekuwa nazo, hata kama ameuza dhahabu ya mamilioni, huonekana hana kitu.

Hesabu ya ekari mbili

Kwa mkulima, mfano rahisi ni wa ekari mbili za pamba. Tuseme ameuza kilo 600 kwa Sh1,000 kila moja na kupata Sh600,000. Ametumia Sh100,000 kulimisha kwa maksai, Sh20,000 mbegu, Sh160,000 palizi mbili, Sh60,000 dawa, Sh90,000 kuvuna na Sh20,000 usafiri. Jumla ni Sh450,000. Faida ni Sh150,000.

Asiyeandika hukumbuka mbegu na dawa tu, akaamini amepata faida ya Sh520,000. Anaahidi bati, anaahidi mahari, anaingia madeni.

Sasa fikiria kuwa pamba hiyo ilikuwa mizigo 20 ya kilo 30, na kila mzigo ulipunjwa kilo mbili. Hizo ni kilo 40 alizostahili kulipwa juu ya zile 600, sawa na Sh40,000. Ni zaidi ya robo ya faida yake yote. Kupima nyumbani na kuandika uzito wa kila mzigo ndiyo kinga yake, kama ilivyokuwa kwa babu zake.

Daftari halihitaji ufundi mkubwa. Ukurasa mmoja uwe wa tarehe: mvua ya kwanza, kupanda, palizi, kunyunyiza dawa. Wa pili uwe wa fedha zinazotoka. Wa tatu uwe wa mauzo, pamoja na stakabadhi zilizobandikwa. Mwenye duka aongeze ukurasa wa wadaiwa, na mteja atie sahihi yake mwenyewe siku anapokopa.

Mkulima anaweza pia kufanya utafiti wake. Akisikia habari ya mbegu au nafasi mpya ya kupandia, agawe kipande cha shamba sehemu mbili zilizo sawa, apande siku moja, apalilie sawa, kisha apime mavuno ya kila upande. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, kimezalisha mbegu za pamba kwa miongo mingi kwa msingi huo huo wa kulinganisha, kupima na kuandika. Jaribio la msimu mmoja linaweza kudanganywa na mvua, hivyo lirudiwe angalau misimu miwili.

Asiyejua kuandika ana mtoto au mjukuu anayesoma. Amkabidhi daftari, na jioni asomewe. Mtoto atajifunza hesabu zenye maana, na mzee atajua mali yake iko wapi.

Msimu ujao mizani itatundikwa tena vijijini, na maduara yataendelea kuchimbwa. Karani atakuwa na kitabu chake. Mkulima na mchimbaji nao wafike na chao.