Neoni juu ya baseni ya samaki: tuifunge namna gani?

Juzi tulifika kwenye nyumba moja ya kuangulia vifaranga vya kambale. Neoni ilikuwa imefungwa na kamba ya nailoni, karibu iguse maji, na mama mwenye kulisha ameingiza mikono mpaka kwenye viwiko. Tulizima umeme kwanza, salamu zikafuata.

Umeme wa volti 220 ukiingia kwenye maji hauui samaki peke yake. Tena neoni ina zebaki ndani. Ikivunjikia juu ya baseni, maji yale yameharibika.

Basi, ifungwe na minyororo miwili kwenye mti wa paa wenyewe, isining'inie kwa waya. Neoni ndefu ina metre 1,20. Mnyororo mmoja ukikatika, ncha itashuka urefu ule wote, kwa hiyo iwe juu zaidi ya pale. Bora hata kuiweka upande, juu ya njia ya kupita watu. Waya ushuke chini kidogo ya prizi kabla ya kuingia, ili matone yadondokee chini, yasifuate waya mpaka ndani.

Halafu dijonkta diferansieli ya miliampea 30. Wengi wanatuambia ni bei kali. Ni kweli, lakini ndiyo inayokata umeme mtu akiguswa, hapo hatupunguzi.

Vifaranga vya kambale vyenyewe vinapenda giza. Taa ni ya mlishaji: aiwashe na mikono mikavu, akimaliza azime. Mwenye taa ya sola ya volti 12 atumie ile.