Kidonda, Kovu na Kisasi: Istilahi za Msiba wa Taifa katika Habari za Michezo

Miongoni mwa dhana ambazo Kiswahili cha vyombo vya habari hakijazipatia istilahi iliyotulia ni ile ya maumivu ya taifa zima yatokanayo na tukio la zamani, maumivu ambayo hurithiwa hata na wale waliozaliwa baadaye. Waganga wa maradhi ya akili hutumia neno kiwewe kwa mtu mmoja aliyepatwa na mshtuko. Wanahistoria husema maafa. Waandishi wa habari za michezo, ambao pengine huigusa dhana hii mara nyingi kuliko wote, hutumia lolote linalowajia ulimini: ajali, msiba, mkosi, jeraha, hata kisasi. Makala haya yanakusudia kuyapambanua maneno hayo kwa mfano mmoja ambao wakazi wa Tunduma, mkoani Songwe, wako karibu nao kuliko Watanzania walio wengi.

Tunduma na Nakonde ya Zambia ni miji miwili iliyogusana, na mpaka umepita katikati. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na ukoo mmoja huweza kuwa na raia wa nchi mbili. Kwa hiyo mtangazaji anayeizungumzia timu ya Zambia kwa Kiswahili asidhani kwamba anazungumza juu ya watu wa mbali wasiomsikia.

Tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya Jeshi la Anga la Zambia iliyokuwa ikiipeleka timu ya taifa Dakar, kucheza na Senegal katika kuwania Kombe la Dunia, ilianguka baharini mara baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walifariki, wakiwamo wachezaji 18 na kocha wao, Godfrey Chitalu. Kalusha Bwalya, aliyekuwa akicheza Uholanzi, alinusurika kwa sababu alipangiwa kusafiri peke yake. Marehemu walizikwa kando ya Uwanja wa Uhuru, Lusaka. Kabla ya mwaka kutimia timu mpya ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia, ikafungwa na Nigeria mabao 2 kwa 1.

Mwaka 2012 fainali ya kombe hilo ilichezwa Libreville. Zambia ilikuwa imecheza michezo yake yote ya awali Guinea ya Ikweta. Ikaingia Gabon kwa mchezo huo mmoja tu. Wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Tarehe 12 Februari walitoka sare ya bila kufungana na Côte d'Ivoire, kisha wakashinda kwa mikwaju ya penalti 8 kwa 7.

Hapo ndipo waandishi wa dunia nzima walipopata mteremko. Mahali palikuwa pale pale, na majina ya marehemu yalikuwa bado midomoni mwa watu. Wapo pia waliohesabu mikwaju wakaona ni 18, sawa na idadi ya wachezaji waliofariki. (Hesabu hiyo hukaa sawa iwapo mkwaju mmoja ulioamriwa kurudiwa hautahesabiwa, lakini mwenye hadithi nzuri hapendi kuulizwa mambo hayo.) Mahali, jina na idadi ndizo nyenzo ambazo kwazo habari za michezo huiamsha kumbukumbu ya taifa. Swali letu ni neno gani litumike wakati wa kuiamsha.

Ajali ni neno la chanzo. Ripoti ya uchunguzi, iliyotolewa mwaka 2003, ilihusu injini iliyoharibika na rubani aliyezima ile iliyokuwa nzima. Yote hayo ni mambo ya ajali. Msiba ni jambo jingine: msiba una wenyewe. Kiswahili hakimtaji aliyekufa tu, bali humtaja na mfiwa, na mfiwa ana haki ya kupewa pole kabla hajaelezwa jinsi tukio lilivyokuwa. Mtangazaji asemaye msiba amekwisha kukiri kwamba yuko mbele ya wafiwa, na yafaa azungumze hivyo.

Jeraha lina tatizo la pekee. Katika kurasa za michezo neno hili limekwisha kuchukuliwa na magoti na vifundo vya miguu. Katika fainali ile ile beki Joseph Musonda aliumia mapema akatoka akilia, na baada ya ushindi kocha Hervé Renard akambeba kwenda kushangilia na wenzake. Mtangazaji akisema "Zambia ina jeraha", msikilizaji ataelewa lipi?

Kwa maoni yetu neno lifaalo ni kidonda. Jeraha hupatikana mara moja, kidonda hukaa. Tena limekuja na jamaa zake: kidonda huuguzwa, hutoneshwa, hupona, huacha kovu. Kutonesha ndicho kitendo hasa kinachofanywa na habari za michezo zinapolitaja tukio la zamani bila haja, na hakuna sababu ya kukitafutia neno jipya ilhali kila mama mwenye mtoto analijua. Kwa hiyo tunapendekeza kidonda cha taifa kwa maumivu yanayoendelea, na kovu pale ambapo alama imebaki lakini haiumi. Yaliyomo mioyoni mwa watu yaitwe kumbukumbu ya pamoja. Sherehe au ibada, kama ile ya maua ufukweni, iitwe kumbukizi.

Mkosi na kisasi tungependa viachwe. Kisasi hudai mkosaji, na Côte d'Ivoire haikuhusika kwa lolote na ndege ile. Hatari huzidi pale mkosaji anapokuwa na jina. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita ikaendelea hadi 1979. Anayeuita mchezo wa Tanzania na Uganda kisasi cha Kagera anawabebesha deni vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, na anawafanya waliofiwa Kagera kuwa kiungo cha mchuzi.

Kuna na mazoea mengine, ambayo hayana nia mbaya. Lugha yetu ya kandanda hupenda kuua, kuzika na kuangamiza. Tarehe 21 Januari 2024 Tanzania na Zambia zilikutana San-Pédro, Côte d'Ivoire, zikatoka sare ya 1 kwa 1: Simon Msuva alitangulia kufunga, Patson Daka akasawazisha dakika za mwisho. Katika mchezo wa namna hiyo "tutawazika" ni mzaha wa kawaida Dar es Salaam. Ukisemwa Tunduma, huenda umesemwa mbele ya mtu ambaye jamaa zake wanaijua njia ya kwenda kwenye makaburi yale ya Lusaka.

Limebaki neno shujaa. Kwetu Tanzania Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, huwakumbuka waliokufa wakiitetea nchi, na wapo watakaoona vigumu kumwita shujaa mtu aliyekufa safarini. Hata hivyo Wazambia wenyewe wamekwisha kupaita mahali pale walipolala wachezaji wao Makaburi ya Mashujaa, na katika jambo la msiba mwenye kutaja jina ni mfiwa.