Foklifti ghalani: king'ora kipi, taa ipi?

MAKAMBAKO – Mwenye ghala anayenunua foklifti ya mtumba huangalia kwanza injini, matairi na uma. King'ora na taa za tahadhari hufikiriwa mwisho, na mara nyingi hubaki vile vilivyokuja na mashine. Makambako ni mahali ambapo reli ya TAZARA hukutana na barabara kuu ya Zambia na ile ya Njombe hadi Songea, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una kanda yake hapo. Mahindi, viazi na mbao hupita kwa wingi, na sehemu kubwa ya mzigo huo bado hubebwa na makuli wanaopishana na mashine mlangoni.

Kuli mwenye gunia begani husikia vizuri kwa sikio moja, maana jingine limezibwa na mzigo. Hawezi kugeuza shingo, na macho yake yako chini. Dereva naye, akibeba mzigo mrefu unaomziba mbele, hulazimika kwenda kinyumenyume. Matokeo yake king'ora cha kurudi nyuma hulia karibu kutwa, na sauti isiyonyamaza hatimaye haisikiki tena. Wako madereva wanaokata waya wapate kupumua. Tajiri anayekuta waya umekatwa afadhali aanze kwa kuuliza ni king'ora gani alichokinunua.

Ving'ora huuzwa kwa vipimo vya desibeli, mathalani 87, 97, 107 au 112, vikipimwa takriban mita moja kutoka kwenye chombo. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Hivyo king'ora cha 97 hubaki na 91 kwa mita 2, 85 kwa mita 4 na 79 kwa mita 8. Iwapo kelele za eneo ni 75, tofauti ya 4 iliyobaki ni ndogo mno. Inatakiwa sauti ya tahadhari izidi kelele kwa desibeli 10 hivi, ikiwezekana 15. Kwenye uwanja wa kupakilia malori, hasa kwa upepo wa Makambako, king'ora cha 107 kina sababu. Ndani ya ghala la bati, ambako sauti hugonga kuta na kurudi, king'ora hichohicho ni adha tupu, na desibeli 85 kwa saa nane ndicho kiwango ambacho masikio huanza kuhitaji kinga.

Kwa mashine inayotoka nje na kuingia ndani, kinachofaa zaidi ni king'ora kinachojirekebisha kulingana na kelele zilizopo. Aidha, vipo vinavyotoa mvumo wa "shaa-shaa" badala ya "pii-pii". Mvumo huo humwonyesha msikilizaji upesi sauti inatoka upande gani, na hufifia haraka nje ya eneo la hatari. Penye foklifti mbili au tatu, hilo ni jambo kubwa.

Upande wa taa, kimulimuli cha rangi ya chungwa juu ya paa la mashine ndicho kilichozoeleka, lakini kuli aliyeinama hakioni. Anachokiona ni sakafu. Hapo ndipo taa ya buluu inapolipa gharama yake: humulika doa sakafuni mita 3 hadi 6 mbele au nyuma ya mashine, na doa hutokea kwenye kona kabla mashine haijafika. Taa nyekundu za ubavuni huchora mstari ambao mtu asiuvuke; zina maana kwa sababu foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma na mkia wake hufagia pembeni. Hata hivyo, zote mbili hupotea kwenye jua kali, hivyo haziwezi kuchukua nafasi ya king'ora uwanjani.

Kwenye viwanda vya mbao vya Njombe mambo hugeuka. Penye misumeno wafanyakazi huvaa vizibo vya masikio, na king'ora kikali kiasi gani hakitawafikia kwa uhakika. Huko fedha ielekezwe kwanza kwenye taa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aangalie volti. Foklifti za dizeli nyingi hutumia 12, ilhali za betri huwa 24, 36, 48 au 80, na kifaa cha 12 kikiungwa kwenye 48 huungua papo hapo. Vumbi la nafaka hudai kifaa kilichozibwa vizuri, chenye alama ya IP65 au zaidi. Katika vyumba vilivyojaa vumbi hilo, ambalo huweza kulipuka, vifaa vya kawaida vya umeme havifai kabisa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, humtaka mwajiri kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Kwa hiyo muuzaji aombwe kuwasha kifaa ghalani kwa mnunuzi, saa za kazi, huku mtu mmoja amesimama mita 8 nyuma ya mashine akiwa na gunia begani.