Skripti ya Ngara itafanya kazi Biharamulo?

KOMPYUTA ya ofisi iliyoko Ngara inapochakaa, data zake huhamishiwa kwenye mashine nyingine, pengine ya Biharamulo. Pamoja nazo huhamishwa skripti, yaani faili fupi la amri linaloiagiza kompyuta kufanya kazi zile zile kila usiku, kama vile kutunza nakala za akiba za kumbukumbu za wagonjwa au za malipo. Jambo lisiloulizwa mapema ni iwapo amri hizo zitaeleweka huko zinakopelekwa.

Katika wilaya hizo za Kagera swali hilo lina uzito wake. Makao makuu ya mkoa yako mbali, Bukoba, na fundi hawezi kusafiri kila hitilafu inapotokea.

Chanzo cha tatizo ni sheli, programu inayosoma amri. Sheli ya Stephen Bourne ilitoka mwaka 1979. Bash, iliyoandikwa na Brian Fox, ilifuata mwaka 1989 ikiwa na nyongeza nyingi, na mwaka 1992 viwango vya POSIX vikaainisha lugha ya msingi ya sheli. Wengi hujifunzia Bash, wakazizoea nyongeza zake bila kujua kuwa ni nyongeza.

Oktoba 2006, Ubuntu toleo la 6.10, mfumo uliokuwa ukisambazwa duniani kwa diski za bure, ulilikabidhi jina la "sh" kwa dash, sheli ndogo na yenye kasi zaidi. Debian ilifuata mwaka 2011. Skripti zilizoita "sh" huku zikitumia mapambo ya Bash zikaanza kukwama.

Hatari zaidi ni zile zisizokwama. Mabano ya mraba mawili mawili, ambayo Bash huyatumia kuuliza swali, dash huyadhania kuwa ni jina la programu. Inaitafuta, inaikosa, inaandika onyo fupi, kisha inachukulia jibu kuwa "hapana" na kuendelea. Iwapo swali lilikuwa kama flashi imechomekwa, hatua ya kunakili inarukwa. Onyo huandikwa usiku, wakati ofisini hamna mtu. Pengo hugunduliwa siku diski kuu inapokufa.

Hata hivyo, si kila skripti inapaswa kuendeshwa popote. Kuhangaikia mifumo kama Solaris au HP-UX, ambayo haimo ofisini, ni kupoteza muda. Penye mashine za Linux pekee, inatosha mstari wa kwanza uitaje Bash waziwazi, na Bash yenyewe iwepo.

Skripti itakayosambazwa wilaya nyingi ndiyo ishikamane na lugha ya msingi. Hata hapo, amri ya tarehe na ile ya kuhariri faili hutofautiana kati ya Linux na kompyuta za Apple, ambazo Bash yake imebaki toleo la 3.2 la mwaka 2006. Jaribio la bei nafuu ni kuiendesha skripti kwa dash mchana, kisha kuifungua nakala iliyotoka na kuhesabu kumbukumbu zilizomo.