Nani Atazitaja Nyuso za Filamu Zetu za Zamani?

Kuna kisa kimoja ambacho wataalamu wa mawasiliano wamekirudia kwa zaidi ya miaka sitini. Mwingereza aitwaye John Wilson alisimulia jinsi wanakijiji wa Kiafrika walivyoonyeshwa filamu fupi ya dakika tano hivi. Ndani yake alikuwamo mkaguzi wa afya akifundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama uani na katika makopo yaliyotupwa. Filamu ilipokwisha watazamaji waliulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Walioileta filamu walipigwa na butwaa, kwani hawakujua kama mna kuku ndani yake. Iliwabidi waipitie picha moja baada ya nyingine, na hapo ndipo walipomwona: kuku alikuwa amekatiza pembeni mwa picha kwa muda wa sekunde moja tu.

Marshall McLuhan wa Kanada alikitia kisa hicho katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962, na kwa wengi kikawa ushahidi kwamba Mwafrika hajui kutazama filamu. Mimi nakisoma kinyume. Aliyeshindwa kuiona filamu ile ni aliyeitengeneza. Wanakijiji waliona kilichokuwamo, nao walimtambua kiumbe wanayemjua.

Naanza na kuku huyo kwa sababu nataka kuzungumza na walimu na wanafunzi juu ya filamu ambazo aghalabu hazitajwi madarasani wala magazetini: filamu fupi, filamu za hali halisi na filamu za majaribio zilizotengenezwa katika miaka ya sitini. Hizi hazikuwa na nyota wa kubandikwa ukutani. Watu wa Mombasa waliokwenda katika majumba ya sinema kama Naaz, Regal na Majestic walitaka filamu za Kihindi zenye nyimbo, au za wachunga ng'ombe wa Marekani wenye bastola mbili kiunoni. Filamu fupi ya kutangulia ilikuwa ya kusindikiza watu wanaotafuta viti. Hata hivyo, muda umegeuza mizani. Filamu kubwa za zama zile zinapatikana kwa urahisi hata leo. Filamu fupi ndizo zilizopotea, na ndani yake ndimo zilimobaki njia zetu, vyombo vyetu na nyuso za watu wetu.

Kwa nini miaka ya sitini hasa? Sababu ya kwanza ni ya kifundi. Kamera za filamu ya milimita 16 zilipungua uzito hadi mtu mmoja akaweza kuibeba begani, na vinasa sauti vikaweza kwenda sambamba nayo. Mpiga picha akatoka studioni akaingia sokoni. Sababu ya pili ni ya kisiasa. Mataifa mengi yalipata uhuru katika kipindi hicho, na watu waliokuwa wakipigwa picha tangu zamani wakaanza kuishika kamera wenyewe.

Mfano bora ni Ousmane Sembène wa Senegal. Alikuwa kuli katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi, jambo ambalo watu wa mji wa bandari kama huu wetu watalielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1963 alitengeneza Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi, juu ya siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Mtu huyo anabeba abiria wasiolipa, anaingia mtaa wa wakubwa asikoruhusiwa, mkokoteni wake unanyang'anywa, naye anarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna zaidi ya hapo, lakini maisha ya mji mzima yamo.

Mwaka uliotangulia, mshairi wa Iran, Bibi Forugh Farrokhzad, alikwenda katika makazi ya wakoma karibu na Tabriz, akarekodi filamu fupi ambayo kichwa chake maana yake ni kwamba nyumba ni nyeusi. Huko Niger, Moustapha Alassane alitoa mwaka 1966 filamu ya kijana anayerudi kutoka Marekani na mavazi ya wachunga ng'ombe, akawagawia wenzake, na kijiji chao kikageuka uwanja wa ghasia. Vijana wetu waliotoka Regal wakijiita majina ya kina bastola wangejitambua humo papo hapo. Nchini India, S. N. S. Sastry aliwatafuta vijana waliozaliwa siku ya uhuru wa nchi yao, Agosti 15, 1947, akawauliza wanaionaje nchi waliyolingana nayo umri. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1967 na imebaki somo zuri la uraia kuliko hotuba nyingi.

Na sisi je? Kwetu kamera ilitangulia kuwa chombo cha kufundishia na kutawalia. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Waingereza uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu fupi 35 za kuelimisha Waafrika juu ya kilimo, afya na kodi, nazo zilitembezwa hadi Kenya na Uganda. Zinazojulikana kusalia ni tatu. Baadaye kikaja Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole zisizokatwakatwa, ati akili yake isije ikachanganyikiwa. Wakati huohuo Waafrika wa mijini walikuwa wakitazama filamu za Hollywood na Bombay zilizokatwa kwa kasi, na hatujasikia kuwa waliugua.

Uhuru ulipokaribia, wageni wenye kamera nyepesi walimiminika. Lakini mtu ninayetaka wanafunzi wamkumbuke ni mwenyeji. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika, na mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, akaanzisha kampuni ya Camerapix mjini Dar es Salaam. Alirekodi habari za mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Mwaka 1966 alifungwa huko kwa karibu mwezi mzima kwa ajili ya kazi yake. Julai 5, 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Amin alifika na kamera yake na kuingia hata ndani ya gari la wagonjwa. Dunia ilimjua baadaye kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, na mauti yalimfika Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Ngazija. Filamu zake za miaka ya sitini zilikuwa za dakika chache, zikatumwa Ulaya kwa ndege, zikaonyeshwa usiku mmoja kwenye televisheni za watu wengine. Sisi tuliopigwa picha tulikuwa wa mwisho kujiona.

Hapa hatuna budi kuligusa jambo lenye uchungu. Januari 1964 Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, waliruka kwa ndege juu ya Zanzibar na kurekodi kutoka angani watu waliokusanyika ufukweni, makaburi na maiti. Picha hizo waliziingiza katika filamu yao Africa Addio ya mwaka 1966. Filamu yenyewe ni ya dharau: msimulizi wake anamlilia mkoloni anayeondoka na kumwona Mwafrika kuwa mtu asiyeweza kujitawala. Walakini zile dakika za Zanzibar hazina mfano wake mahali pengine. Mombasa, na hasa Mji wa Kale, ilipokea watu wengi waliovuka bahari mwaka huo, na zipo nyumba ambamo mwaka 1964 hutajwa kwa sauti ya chini hadi leo.

Je, filamu kama hiyo ionyeshwe? Wako wasemao izikwe kwa sababu ya ubaguzi wake. Wako wanaoitumia kama kwamba kila neno lake ni haki, kila mmoja akiivutia upande wa siasa yake. Naona pande zote mbili zinakosea kwa sababu moja. Picha ile ilipigwa kutoka juu, mahali ambapo hakuna uso unaotambulikana wala sauti inayosikika. Picha isiyo na shahidi wake ni kama mtoto asiye na wazazi. Yeyote aweza kumdai. Dawa yake ni ushahidi wa waliokuwapo chini, uandikwe kwa majina na siku, kutoka kila upande. Mwalimu mwenye ushahidi huo mkononi anaweza kuionyesha filamu mbaya akatoa somo jema.

Nalisema hili kwa kuwa mimi mwenyewe nimetiwa adabu. Miaka michache iliyopita nilikuwa barazani na wazee wawili, si mbali na Msikiti wa Mandhry. Kijana mmoja alituonyesha kwenye simu yake filamu fupi ya zamani ya Bandari ya Kale. Msimulizi alikuwa akipamba habari za majahazi ya Sindbad na pepo za kaskazi. Wazee hawakumsikiliza hata kidogo.

"Mwanangu, hebu irudishe nyuma," mmoja akasema. "Hicho chombo si jahazi. Ni kotia hiyo, ya Kihindi. Tazama tezi yake."

Mwenziwe alikuwa ameshughulika na mchukuzi mmoja aliyepita pembeni na mzigo kichwani, akaonekana sekunde mbili tatu na kutoweka. Akamtaja kwa jina, akamtaja babake, akaitaja na nyumba yao Kibokoni. Tukacheka, tukanywa kahawa, tukaendelea na mazungumzo mengine. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni, lakini sikuandika. Mzee yule sasa ametangulia mbele ya haki, na jina la mchukuzi limekwenda naye. Filamu ipo, na mtu yule angali anapita pembeni na mzigo wake, lakini amekuwa tena mtu asiye na jina. Yule ndiye aliyekuwa kuku wangu, nami sikuwa bora kuliko wale walioileta filamu kijijini.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Filamu hizi ni mali, na daftari lake limo vichwani mwa watu waliovuka miaka sabini na themanini. Basi na tuliandike.

Kwanza, kuna filamu za serikali na za wakoloni. Tangu mwaka 2010 imekuwapo orodha ya filamu za makoloni ya Uingereza kwenye intaneti, yenye majina ya filamu zaidi ya 6,000, na zaidi ya 150 kati yake zinaweza kutazamwa bila malipo. Mwalimu wa historia aweza kuchagua moja, akawatuma wanafunzi wake waitazame pamoja na bibi na babu zao, na kuuliza maswali machache: Hapa ni wapi? Ni mwaka gani? Huyu ni nani? Chombo hiki chaitwaje? Na aliyeishika kamera alitaka tuamini nini? Majibu yaandikwe pamoja na jina la aliyeyatoa na tarehe.

Pili, kuna filamu zilizomo majumbani. Mwaka 1965 kampuni ya Kodak ilitoa filamu ya Super 8, iliyokuja ndani ya kibweta na kumwezesha asiye fundi kupiga picha za harusi, za Maulidi na za kuwaaga mahujaji. Baadhi ya mikanda hiyo ingalimo makabatini, na Mombasa ni adui wake mkubwa. Joto na unyevu wa pwani huozesha filamu. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, jua kwamba uozo umeshaanza na hauna tiba. Kinachobaki ni kuhamisha picha haraka kwenye kompyuta kabla mkanda haujajikunja na kukatika.

Hapa pana adabu ya kuchunga. Harusi ya Kiswahili ina upande wa wanawake, na waliopigwa picha bila buibui mbele ya jamaa zao hawakukusudia kuonekana na kadamnasi. Nakala ya kwanza iwe ya familia, na familia ndiyo iamue kipi kitoke na kipi kibaki ndani. Anayekusanya kumbukumbu kwa kuvunja sitara za watu atafungiwa milango, na milango hiyo haitafunguka tena kwa wenziwe.

Tatu, wanafunzi wasiishie kutazama. Simu iliyomo mfukoni mwa kijana wa leo ni nyepesi kuliko kamera ya Sembène mara nyingi. Filamu ya dakika 20 juu ya siku moja ya msukuma mkokoteni wa maji, kutoka kisimani hadi Makadara, haihitaji fedha nyingi. Inahitaji subira, macho na heshima kwa yule anayepigwa picha, ikiwa ni pamoja na kumuuliza jina lake na kuliandika.

Likizo ijayo ni fursa njema. Kila mwanafunzi wa kisiwa hiki amtafute mzee mmoja, amwamkie, amwonyeshe filamu moja fupi, kisha anyamaze asikilize. Mzee akianza kuzungumzia kitu kilichopita pembeni ambacho mwanafunzi hakukiona, asimkatize. Achukue kalamu.