Kutandaza Nyaya za Mtandao katika Pwani ya Mchinga

Katika pwani ya Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, baharia hakunji amari kwa pembe kali wala haiachi njiani mwa miguu, maana ajua ya kuwa kamba iliyoumia ndani hukatika siku ya dhoruba. Busara hiyo yafaa pia kwa nyaya za mtandao shuleni, zahanati na ofisini.

Waya wa shaba wa mtandao una nyuzi nane, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Msokoto huo ndio uzuiao vurugu za umeme wa nje zisiharibu habari zipitazo. Kwa hiyo fundi asiufumue zaidi ya milimita 13 nchani, wala asiubane kwa misumari. Nusu kipenyo ya kunjo lake isipungue mara 4 ya unene wake. Na urefu wote, tangu swichi hata kompyuta, usizidi mita 100. Waya wa nuru, wenye uzi wa kioo, wataka kunjo pana zaidi, la mara 10 au zaidi. Tena mtu asichungulie ncha yake, kwani nuru isiyoonekana yaweza kudhuru jicho.

Nyaya hizi zisiwekwe bomba moja na nyaya za umeme. Panya akitafuna ganda, umeme wa volti 230 waweza kuingia katika mtambo na kumwua aushikaye. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Pwani ina adui wengine wawili. Upepo wa chumvi hula viungo vya madini, basi na vifungiwe sandukuni. Radi za masika nazo hufuata shaba. Kwa hiyo nyumba mbili ziungwe kwa waya wa nuru, usio na madini ndani yake. Waya utokao nje na ushuke chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji yadondoke nje.

Wakati wa kuunga, umeme uzimwe kwanza. Kila waya utiwe alama ncha zote mbili. Sanduku la chuma liungwe na ardhi. Umeme urudishwe mwisho.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na mtandao wa Tanzania ukazorota. Zahanati ya kijijini haina uwezo juu ya waya wa baharini. Lakini ule wa ukutani u mikononi mwake.